Mkono wa A-Tuan, Mtoa Miiba wa Chiku

Wasikilizaji wapendwa, mlioko mabwawani, mlioko mabandani, na mnaotusikiliza mkiwa jikoni, karibuni. Leo hatutaanza kwa muziki. Familia imeomba tuanze hivi hivi, kimya kimya.

Bibi Kuo Yueh-tuan ametutoka. Wengi wenu mlimwita A-Tuan. Alifariki Jumanne iliyopita, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake hapa Chiku. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akimenya vitunguu saumu, moyo ukasimama. Mkwewe, Hsiu-chin, mke wa mwanawe, alikuwa hatua tano tu kutoka pale. Anasema hakusikia hata kishindo. Alisikia kisu kikianguka ndani ya bakuli, basi.

A-Tuan alikuwa mtoa miiba. Kwa miaka arobaini na minane alitoa miiba ya samaki aina ya mwatiko. Kama umewahi kula uji wa mchele kwa tumbo la mwatiko asubuhi pale mjini Tainan, ukameza bila woga, huenda samaki yule alipita kwanza mikononi mwa A-Tuan.

Mwatiko ana miiba mia mbili ishirini na miwili. Mtoto wa huku huijua hesabu hiyo kabla hajajua umri wa bibi yake. A-Tuan aliitoa yote, kwa kibano kidogo, kabla chai yake haijapoa. Na hakutumia macho. Mama mkwe wake ndiye aliyemfundisha, siku alipoletwa kama bibi arusi kutoka kwenye mashamba ya chumvi ya Putai. Alimfunga kitambaa usoni, akamwekea samaki mbele, akamwambia, "Mwiba hautafutwi kwa jicho, mwanangu. Ukiungoja utakuja wenyewe kwenye ncha ya kidole."

Kwa hiyo, wasikilizaji wapendwa, kabla hatujaendelea, shikeni jambo hili moja. Mkono wa kulia wa A-Tuan ndio uliokuwa macho yake. Ndio uliomlisha. Ndio uliosomesha watoto wake wawili baada ya baba yao kufariki. Na miaka kumi na moja iliyopita, mkono huo nusura aupoteze.

Ilianza kwa kitu kidogo kabisa. Ilikuwa msimu wa baridi, wakati mabwawa yanavunwa haraka kabla upepo wa kaskazini haujaua samaki. Mwiba ulimchoma kidole cha kati. Watoa miiba huchomwa kila siku. Alinyonya kidole, akatema, akaendelea.

Baada ya wiki tatu kidole kikaota kinundu. Chekundu, kigumu, kama punje ya dengu iliyolala chini ya ngozi. Hakikuuma sana. Mwezi uliofuata kikatokea kingine mgongoni mwa mkono. Halafu kingine kwenye kifundo. Halafu kingine juu zaidi. Vinundu vilipanda mkono kwa mstari, kimoja baada ya kingine, kama watu wanaopanda ngazi bila haraka.

Sasa niambieni, ni mtu gani wa hapa Chiku angeona mstari wa namna ile na asiwaze kile alichowaza A-Tuan? Aliwaza nyoka wa ngozi. Mkanda wa jeshi. Bibi zetu wametufundisha hivyo: nyoka akianza kutambaa mwilini usimwache azunguke, maana kichwa kikikutana na mkia, mtu anakufa.

Hsiu-chin alinisimulia. "Mimi nilimwambia, 'Mama, twende hospitali.' Akaniambia, 'Hospitali watamjulia wapi nyoka? Huyu ni wa kwa Mzee Shih.' Kila asubuhi alipima kwa uzi kutoka kidoleni hadi kinundu cha mwisho. Uzi ulizidi kurefuka. Mimi ninaogopa, yeye ananichekea. 'Tulia, mkia bado uko mbali.'"

Mzee Shih mnamjua. Ndiye anayekata nyoka wa ngozi, yaani kumzuia kwa maandishi ya wino, kando ya hekalu. Ana miaka themanini na minane na bado ana ulimi mkali. Nilimkuta amekaa juani na brashi yake ya wino. Nikamwuliza kuhusu A-Tuan.

"Nilimwandikia mara tatu," alisema. "Wino kichwani mwa nyoka, wino mkiani. Mara ya tatu nikamshika mkono, nikambonyeza kinundu. Nikamwuliza, 'Binti, huyu anauma?' Akasema, 'Kidogo.' 'Anawaka moto?' Akasema, 'Hapana, mzee.' 'Ana muda gani?' Akasema, 'Miezi mitano.' Nikaweka brashi chini. Nyoka wangu mimi nina hakika naye. Ana hasira. Anaunguza, hakulazi, na baada ya wiki chache ameshaondoka zake. Huyu wa kwake alikuwa mpole, halafu haondoki. Nikamwambia, 'Huyu si nyoka. Nenda kwa daktari. Na usirudi hapa na mkono huo, utaniharibia jina!'"

Alicheka. Halafu akasema, "Niliogopa, kijana wangu. Lile la jina lilikuwa utani tu."

Wasikilizaji wapendwa, tumheshimu mtu anayejua mahali ujuzi wake unapoishia. Mzee Shih ndiye aliyemsukuma A-Tuan kwenda hospitali. Narudia: Mzee Shih, mkata nyoka.

Huko mjini A-Tuan alikutana na Daktari Lai, ambaye wakati ule alikuwa katika mwaka wake wa pili kazini. Daktari akamwuliza, "Mama, unafanya kazi gani?"

A-Tuan akajibu, "Niko nyumbani tu."

Daktari akaandika: yuko nyumbani.

Akakata kipande kidogo cha nofu kutoka kwenye kinundu, akakipeleka maabara. Maabara wakakitunza kwenye joto la mwili wa mtu, kama wanavyofanya kwa vidonda vingi. Hakikuota kimelea chochote. Akapewa dawa za kawaida, hazikufanya kitu. Kidole kikavimba, ngozi ikapasuka, kikaanza kutoa maji. Akafanyiwa upasuaji wa kusafisha. Baada ya mwezi kikavimba tena. Ndipo daktari mmoja mkubwa akasema kwamba hali ikiendelea hivi, kidole kitakatwa, na huenda mkono nao ukafuata.

Kwa nini hakusema kwamba anashika samaki? Hapo ndipo penye moyo wa habari yetu ya leo.

Sababu ya kwanza ni mwenye banda, Bosi Tsao Chin-lai. Bosi Tsao amekubali nilitaje jina lake, tena alinipigia mwenyewe. Alisema, "Usinifunike. Mimi nilimwomba anyamaze. Nilimwambia, 'A-Tuan, wanunuzi wa mjini wakisikia samaki wetu wanaozesha mikono ya watu, tumekwisha sote. Ngoja mavuno yapite.' Nilimwambia hivyo, na mkono wake nimeutazama kwa macho yangu."

Sababu ya pili ilikuwa ya A-Tuan mwenyewe, na ndiyo iliyokuwa nzito zaidi. Hsiu-chin alimbana siku moja. "Mama, mwambie daktari unashika samaki!" A-Tuan akamjibu kwa ukali ambao hakuwahi kumwonyesha. "Samaki huyu amenilisha mimi, amemlisha mumeo, amekusomeshea mume. Leo niende nikamshtaki kwa watu? Mimi si mtu wa namna hiyo."

Mnamwelewa? Mimi ilinichukua muda kumwelewa. Alikuwa tayari kupoteza mkono kuliko kumsema vibaya mwatiko.

Kilichombadilisha kilitokea bandani. Wanawake wamekaa kwenye vigoda vyao mstari mmoja, barafu katikati, redio inaimba. A-Tuan alikuwa hawezi tena kushika samaki, lakini alikuja kukaa nao tu, mkono umefungwa bendeji. Jirani yake wa miaka mingi, A-Khim, akafuta mkono kwenye aproni ili ajikune. Nilimwomba A-Khim anisimulie, na ninampa nafasi asimulie mwenyewe:

"Mimi najikuna tu dole gumba. A-Tuan akaniuliza, 'Hicho nini?' Nikasema, 'Chunusi, shoga. Nimerudia usichana.' Wenzetu wakacheka. Yeye hakucheka. Akanishika mkono, akanibonyeza. Akaniuliza, 'Tangu lini?' Nikasema, 'Tangu sikukuu ya miungu, mwezi mzima sasa.' Akaniuliza, 'Kinauma?' Nikasema, 'Wala.' Basi uso wake ukawa mweupe kama barafu ile. Akasimama. Akafungua droo yangu, akachukua kibano changu, akachukua uti wa mgongo wa mwatiko kwenye ndoo ya taka, akavitia kwenye mfuko wa plastiki. Nikamwambia, 'We mwanamke, unakwenda wapi na taka?' Akasema, 'Kwa daktari. Vaa viatu, twende wote.' Nami nimevaa mabuti ya mpira na aproni imejaa magamba! Ndani ya basi watu walituhama kiti kwa kiti."

Walifika hospitali na harufu yao. A-Tuan akaweka mfuko mezani mbele ya Daktari Lai.

Daktari Lai sasa ana familia na mvi mbili tatu, lakini siku ile anaikumbuka neno kwa neno. "Alisema, 'Daktari, nilikudanganya.' Nikamwuliza, 'Kuhusu nini, Mama?' Akasema, 'Niko nyumbani, ni kweli. Lakini banda la samaki liko nyuma ya nyumba. Nimetoa miiba miaka thelathini na saba.' Kisha akamsukuma mwenzake mbele. 'Mimi unaweza kunikata. Huyu bado mapema. Mtazame huyu kwanza.'"

Wasikilizaji wapendwa, baada ya maneno hayo daktari alijua la kutafuta. Kuna vimelea wanaoishi majini, kwenye mabwawa na kwenye miili ya samaki. Ni jamaa wa mbali wa kifua kikuu, lakini si kifua kikuu. Hawapendi joto. Wanapenda ubaridi, ndiyo maana hukaa mkononi na vidoleni, wala hawashuki ndani ya mwili wenye moto. Na ndiyo maana hawakuota maabara mara ya kwanza. Waliwekwa mahali penye joto mno kwao.

Safari hii Daktari Lai alipeleka maabara nofu mbili, na maelezo aliyoyapigia mstari: mgonjwa anashika samaki, otesheni penye ubaridi. Wiki ya tatu, wakaota. Kwa A-Tuan na kwa A-Khim pia.

Bandani habari ilipofika ilizua kelele. A-Khim anasema mwanamke mmoja aliuliza, "Jamaa wa kifua kikuu? Kwa hiyo kidole kitakohoa?" A-Tuan akainua kidole chake kilichovimba, akakisogeza karibu na uso wa yule mwanamke, akakohoa kwa nguvu. Banda zima liliangua kicheko, hata Bosi Tsao aliyekuwa amenuna mlangoni.

Ugonjwa huu hauambukizwi mtu kwa mtu. Na hauji kwa kula samaki aliyepikwa. Narudia, kwa sababu A-Tuan mwenyewe aliyarudia maneno haya hadi sauti ikamkauka: samaki aliyepikwa hana kosa. Kimelea huingia kwenye mchomo, kwenye mkwaruzo, kwenye jeraha lililo wazi.

A-Khim alipona kwa vidonge peke yake. A-Tuan alimeza vidonge miezi saba, na mkojo wake ukawa rangi ya chungwa, jambo alilolitangaza sokoni bila aibu yoyote. Kidole hakikukatwa. Lakini kilipona kikiwa kimejikunja, hakinyooki tena. Mkono ulibaki. Macho ya kwenye ncha ya kile kidole hayakurudi.

Wanunuzi wawili wa mjini walimhama Bosi Tsao msimu ule, kama alivyohofia. A-Tuan hakukaa nyumbani kulia. Alipanda basi hadi soko la samaki alfajiri, na bendeji yake mkononi, akaagiza bakuli la uji kwa tumbo la mwatiko, akalila amesimama mbele ya wanunuzi wote. Mmoja akamtania, "Bibi, huogopi?" Akamjibu huku anatafuna, "Nimeugua mkono, sikuugua mdomo. Wewe ukiogopa, nisogezee bakuli lako." Wanunuzi wale walirudi baada ya Mwaka Mpya.

Bosi Tsao aliona haya, akaleta katoni nzima ya glavu nene. Hapo pakawa na mgogoro mwingine. Mnajua wenyewe. Ukivaa glavu nene, mwiba huusikii. Wanawake wakajaribu siku mbili, wakazitupa. "Ni kama kumpapasa mtoto juu ya godoro," walisema.

Basi mwanamke wa miaka sitini, bingwa wa Chiku, alianza upya. Alivaa glavu nene mkono wa kushoto unaomshika samaki, na glavu nyembamba kama ngozi ya kitunguu mkono wa kulia unaoshika kibano. Kidole chake cha kati kilikuwa hakifanyi kazi tena, kwa hiyo alikifundisha cha pete. Msimu mzima wa baridi. Alikuwa wa mwisho kila siku. Wasichana waliomwita mwalimu walimaliza samaki kumi, yeye watano. Walimtania, "Bibi A-Tuan, samaki wako ataoza kabla hujamaliza!" Naye akawajibu, "Ataoza, lakini vidole vyangu vitakuwa vizima. Leteni vyenu tuhesabu."

Hakuwahi kurudia kasi yake ya zamani. Hili nataka lisikike, kwa sababu watu wakifa tunapenda kuwatengenezea ushindi kamili. A-Tuan alipoteza ubingwa wake, na aliujua. Hsiu-chin anasema alimkuta mara moja amefumba macho, anapapasa uti wa mwatiko kwa kidole kile kilichokunjika, machozi yanamtoka. "Nikamwuliza, 'Mama, unatafuta nini?' Akasema, 'Namtafuta mama mkwe wangu.'"

Lakini msimu uliofuata mabanda matatu yalivaa glavu kama zake. Na kila asubuhi, kabla barafu haijamwagwa, A-Tuan alipita kwenye mstari wa vigoda na kusema, "Mikono!" Wanawake wakainyoosha juu ya beseni, viganja chini, viganja juu. Kila mmoja akaitazama ya jirani yake. Vinundu vilionekana vikiwa bado vichanga. Waliokuwa navyo hawakwenda kwa mkata nyoka wala hawakungoja mavuno yaishe. Walikwenda kwa Daktari Lai wakiwa na aproni zao.

Nilimwuliza Daktari Lai alijifunza nini kwa A-Tuan. Akasema, "Nilikuwa nikiwauliza wagonjwa wangu, 'Unafanya kazi gani?' Mama wa pwani anayetoa miiba, anayepanda chaza, anayesafisha bwawa la mwanawe, atakwambia hana kazi. Yuko nyumbani. Siku hizi siulizi hivyo. Nawauliza, 'Mikono yako hugusa nini kuanzia asubuhi hadi jioni?' Na hapo wananiambia. Wanahesabu kila kitu. Wakati mwingine wanalia, kwa sababu hawajawahi kuulizwa."

Wasikilizaji wapendwa, kesho mabanda ya Chiku yatafunguliwa saa nne badala ya saa kumi na mbili, ili watoa miiba wamsindikize A-Tuan. Bosi Tsao ameomba kubeba jeneza, na familia imemkubalia.

Kwa mwanawe Chih-yuan, kwa binti yake Li-hua aliyeko Kaohsiung, kwa mkwe wake Hsiu-chin aliyemwuguza na kumbana aseme, na kwa A-Khim aliyepanda naye basi lile, tunasema poleni sana. Mmepoteza mama, nasi tumepoteza pamoja nanyi. Apumzike kwa amani.

Nasi tuliobaki tujiulize. Yuko nani kati yetu anayeficha maumivu ili asimtie hasara mtu au kitu anachokipenda? Na yuko nani kati yetu aliyemwomba mwenzake anyamaze hadi mavuno yapite? Tusingoje hadi kidole kijikunje.

Na wewe unayenisikiliza saa hii, mkono wako mmoja umeuficha mfukoni kwa sababu kuna kitu kimeota na hutaki kukiona. Utoe. Mwonyeshe aliyekaa karibu nawe, hata kama atakucheka. Kliniki hufunguliwa saa mbili. Nenda kama ulivyo, na harufu yako.